Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: makutano yamejaa jam, tuchague muundo gani?

Haya maswali nimeyakusanya pole pole, mengine kwa vikao vya maoni hapa Nakuru, mengine kwa group za WhatsApp za mtaa, na mengine nimeulizwa ndani ya matatu tukiwa tumekwama. Kazi yangu imekuwa kuhesabu magari na kushika vifaa vya maserveya, sisaini michoro, lakini nimekaa kando ya barabara masaa mengi sana na nimeona vitu ambavyo mchoro hauonyeshi. Majibu yanafaa makutano yoyote ya haiwei, iwe A8 hapa kwetu (ile barabara kuu ya Nairobi kwenda Uganda), iwe Kisumu, Kakamega ama Eldoret. Soma swali lako tu, si lazima uanze juu.

## Ya kuanzia

Flaiova na intachenji si ni kitu kimoja?

Hapana. Flaiova ni daraja, barabara moja inapita juu ya nyingine, na inawezekana kabisa hakuna pa kutoka moja ukaingia nyingine. Intachenji ni mpango mzima: daraja, zile barabara fupi za kupanda na kushuka, taa kama ziko, steji, vivuko, mifereji. Watu wakisema "tujengewe flaiova" huwa wanataka intachenji, na hapo ndo tunaanza kuelewana vibaya, juu daraja ndilo linalopendeza kwa picha lakini jam hukaa kwa zile barabara fupi. Mimi naziita mikono, na kuanzia hapa nitatumia hilo jina.

Mbona jam iko pale makutano tu, barabara yenyewe iko sawa?

Pale barabara mbili zinagawana muda. Leni moja ikipewa kijani bila kukatizwa hupitisha kama gari ndogo 1,800 hadi 1,900 kwa saa. Ukiigawa na barabara ya pili unabaki na nusu, na hiyo nusu bado inakatwa na zile sekunde za kubadilisha taa, gari ya kwanza kuamka, na kadhalika. Halafu hiyo ni hesabu ya gari ndogo. Trela lililojaa likianza kutembea kutoka kusimama linakula nafasi ya gari mbili ama tatu, na kama kuna kamlima inakuwa mbaya zaidi.

Kuna kitu kimoja wengi hawajakitazama vizuri: jam haitaki magari mengi ya ziada, inataka machache tu. Tuseme upande mmoja unaweza kupitisha gari 1,000 kwa saa na zimekuja 1,100. Imezidi asilimia kumi. Baada ya saa moja una gari 100 zimepangana, kila moja na nafasi yake ni kama mita 7, hiyo ni foleni ya mita 700, na foleni ya mita 700 inafika makutano ya nyuma na kuyaziba, nayo yanaanza foleni yake. Ndo maana shule zikifungwa barabara inakuwa nyeupe ilhali magari yamepungua kidogo tu. Na ndo maana kabla ya kuomba daraja ni vizuri kuuliza kama hiyo asilimia kumi inaweza kuondolewa kwa njia nyingine, angalia swali la taa na raundabauti.

Nani mwenye uamuzi? Kaunti ama serikali kuu?

Inategemea barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda KeNHA ya barabara kuu za kitaifa, KURA ya mijini na KeRRA ya mashambani, na kaunti zina barabara zao. A8 ni ya KeNHA hata ikipita katikati ya jiji, kwa hivyo MCA wako, yaani mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, hawezi kuamua umbo la intachenji, lakini barabara za mtaa zinazoingia pale zinaweza kuwa za kaunti, na soko na steji ni za kaunti. Nimeona makutano yakiharibika juu upande mmoja ulijenga na upande wa pili haukupanga chochote. Ukienda kikao uliza wote wawili wako ndani ya chumba.

## Maumbo yenyewe

Si tuweke taa ama raundabauti kubwa tumalize?

Wakati mwingine ndiyo, na ningependa tuanze hapo kila mara. Makutano ya kawaida ya njia nne yana sehemu 32 ambapo njia za magari zinagongana, raundabauti ya leni moja ina 8 tu. Hiyo tofauti ni maisha ya watu. Tena kwa raundabauti hata mkigongana mnagongana kwa pembe ndogo na mwendo wa chini.

Shida ya raundabauti ni mgawanyo. Kwetu unampisha anayetoka kulia, kwa hivyo kama kulia kwako ndiko kunatoka mto wa magari usiokatika, wewe huingii. Unakaa. Nyuma yako wanakaa. Mtu yeyote anayepitia raundabauti ya KFA hapa Nakuru jioni anaijua hiyo hali. Halafu askari wa trafiki anakuja kusaidia kwa mkono, anaachilia upande mmoja dakika tano mfululizo kwa nia nzuri kabisa, na hizo dakika tano zinajaza pande tatu zingine mpaka makutano ya nyuma. Taa zilizopangwa vizuri zinafanya kazi hiyo kwa mizunguko mifupi.

Kuna vitu vidogo vya kujaribu kabla ya daraja: leni ya wanaokata kushoto wasingoje taa, kusogeza steji mita 100 kutoka kwenye mdomo wa makutano, kufunga ile nafasi ya kati watu wanapogeuza gari, na leni ya wanaosubiri kukata kulia ili wasizibe wanaoenda moja kwa moja. Hakuna kiongozi anayekata utepe wa leni ya kukata kushoto. Lakini inafanya kazi.

Almasi ni gani hiyo wanayotaja?

Ni intachenji rahisi kuliko zote. Haiwei inapita bila kusimama, juu ama chini, na kuna mikono minne inayotengeneza umbo la almasi ukiangalia kutoka angani. Mikono inakutana na barabara ndogo mahali pawili, pale panawekwa taa ama raundabauti ndogo mbili. Inakula ardhi kidogo, dereva mgeni anaielewa bila kufundishwa, na mwenda kwa miguu anajua pa kuvukia.

Udhaifu wake ni wanaokata kulia. Wakiwa wengi wanajipanga kwenye daraja mpaka wanaziba wale wa upande wa pili. Na mkono wa kushuka ukiwa mfupi, foleni inarudi mpaka kwenye haiwei yenyewe, trela linakuja na mwendo wake kutoka kwa kona na linakuta gari zimesimama. Kwa hivyo ukionyeshwa almasi, usiangalie daraja, angalia urefu wa mikono na uulize foleni ya saa kumi na moja jioni itaishia wapi.

Na ile ya vitanzi vinne kama maua?

Hiyo ni kloverlifu. Hataza yake ilitolewa Marekani 1916 kwa Arthur Hale wa Maryland, na ya kwanza kule ilijengwa Woodbridge, New Jersey, 1929. Uzuri wake ni kwamba hakuna taa hata moja. Kwa sisi tunaoendesha kushoto, ukitaka kwenda kulia unapita daraja kwanza halafu unakata kushoto na kuzunguka kitanzi mpaka unatokea barabara ya pili.

Inapendwa sana kwa picha. Mimi siipendekezi mjini, na nitasema sababu. Ya kwanza ni ardhi: kitanzi cha kupita na mwendo wa kilomita 40 kwa saa kina upana unaokaribia urefu wa uwanja wa mpira, na ziko nne. Ya pili ni ile sehemu kati ya kitanzi kimoja na kinachofuata, ambapo anayeingia haiwei na anayetoka wanapishana kwenye leni ile ile ndani ya mita chache, mmoja anaongeza mwendo na mwenzake anapunguza. Magari yakiwa machache inaenda, yakijaa pale ndo panakuwa jam mpya. Wamarekani wenyewe wamebomoa na kubadilisha nyingi za hizo. Ya tatu angalia swali la matrela.

Nusu yake ni jambo lingine. Kitanzi kimoja ama viwili, upande ule tu wenye wageuzaji wengi, kinaweza kuwa jibu zuri kabisa.

Nimeona video ya magari yakibadilisha upande wa barabara, hiyo iko aje?

Inaitwa almasi ya kupishana. Kwa barabara ndogo, ukikaribia daraja taa inakuhamisha upande wa kulia, unapita daraja ukiwa kulia, halafu taa ya pili inakurudisha kushoto. Inaonekana kama wazimu mpaka uelewe sababu: ukiwa upande wa kulia, kukata kulia kuingia haiwei ni bure, humkatizi mtu yeyote. Taa zinabaki na awamu mbili tu, na sehemu za kugongana zinashuka kutoka 26 za almasi ya kawaida hadi 14. Ufaransa walikuwa nazo tangu miaka ya 1970 kule Versailles, na Marekani ya kwanza ilifunguliwa Springfield, Missouri, 2009.

Ni nzuri pale wageuzaji wa kulia ni wengi na ardhi ni finyu. Ninachohofia kwetu ni usiku stima ikipotea na taa zizime, na boda wanaopita popote palipo na nafasi. Haimaanishi haiwezekani, inamaanisha kerbu, zile kingo za zege za barabara, ziwe ndefu na juu, mishale ichorwe na ipakwe upya, na taa ziwe na betri ya akiba. Kama bajeti ya hivyo vitu haipo, chagua kingine.

Yetu ni njia tatu tu, tunahitaji hayo yote?

Hapana. Barabara ikiishia kwa nyingine, kama vile Mau Summit ambapo njia ya Eldoret na ya Kericho zinaachana, panatosha umbo la tarumbeta: daraja moja, kitanzi kimoja, na mikono. Swali kubwa ni upande gani upewe kitanzi. Upe upande wenye magari machache na mepesi, wale wengi wapewe mkono ulionyooka.

Na zile za ghorofa nne za Los Angeles?

Ile ya Los Angeles ilianza kutumika yote 1953. Ni ya haiwei mbili kubwa zinazokutana, kila mgeuzo na daraja lake. Sioni mahali huku magharibi panapoihitaji kwa sasa.

## Kuchagua

Tunaanzia wapi basi?

Kwa kuhesabu. Narudia hili kila mahali na sitachoka: kabla ya mtu kukuonyesha picha, mwambie akuonyeshe hesabu ya wanaogeuka. Makutano ya njia nne yana miendo 12, kila upande una kushoto, moja kwa moja na kulia, na kila mwendo uhesabiwe peke yake, gari ndogo kando, matatu kando, lori kando, boda kando, na wanaotembea wahesabiwe wakivuka kila upande. Sisi tulikuwa tunaanza kabla jua halijatoka, mmoja kwa kila kona, karatasi kwenye ubao na kale kamashine ka kubofya kwa kidole gumba, na ukifika saa tatu kidole kinauma lakini umeshaona picha yote. Unaona kwa mfano kwamba kila mtu analalamika juu ya haiwei ilhali kinachoziba ni wale wanaotoka estate wakikata kulia kwenda mjini.

Hiyo hesabu ndiyo inachagua umbo. Wengi wanaenda moja kwa moja? Almasi inatosha. Upande mmoja tu una wageuzaji wengi? Kitanzi kimoja pale. Wageuzaji wa kulia wengi pande zote na ploti zimebana? Almasi ya kupishana iingie kwa mjadala. Bila hesabu mnachagua kwa macho.

Tuhesabu siku gani?

Si Jumanne moja ya katikati ya mwezi. Hesabu siku ya kawaida ya kazi, siku ya soko, mwisho wa mwezi, na Jumapili jioni watu wakirudi Nairobi. Ile wiki ya Krismasi watu wakienda mashambani usiitumie kuchora, utajenga kitu kikubwa cha siku chache kwa mwaka. Lakini iangalie kwa mambo ya usalama.

Baipasi si ndiyo dawa, matrela yasiingie mjini kabisa?

Inategemea wangapi wanapita tu. Kuna njia rahisi ya kujua: watu wawili wanaandika namba za magari, mmoja Lanet, mwingine njia panda ya Njoro, kila namba na saa yake. Namba ikionekana pande zote mbili ndani ya muda mfupi, huyo alikuwa anapita. Ikionekana upande mmoja tu, alikuja Nakuru, ana shughuli yake hapa. Kama wengi ni wa kundi la pili baipasi itaondoa matrela, itapunguza moshi na ajali, hayo ni mambo makubwa, lakini foleni ya saa kumi na mbili asubuhi ya watu wa Pipeline na Free Area itabaki vile iko.

Kwa nini wasiongeze leni tu?

Leni zikiongezwa na mdomo wa makutano ubaki vile vile, foleni inakuwa pana badala ya ndefu. Na barabara ikiwa rahisi watu wanaitumia zaidi, wanahamia mbali, wanabadilisha saa. Houston, Marekani, walipanua Katy Freeway mpaka sehemu zingine zikafika leni 26 ukihesabu zile za pembeni, wakamaliza 2008, na baada ya miaka michache safari za saa za msongamano zikarefuka tena. Hapa Kenya, Thika Road ya Nairobi ilipofunguliwa 2012 raundabauti za njiani ziliisha, halafu foleni ikajipanga Pangani na Ngara kuingia mjini. Kwa hivyo kila mtu anayesema jam itaisha, muulize itahamia wapi. Kama hana jibu hajamaliza kazi.

Ile video ya kompyuta magari yakipita bila shida, tuiamini?

Iamini kadri ya kilichoingizwa ndani. Uliza vitu vitatu: hesabu ni ya mwaka gani, wameweka ukuaji wa miaka mingapi mbele, na je, ndani ya hiyo video kuna boda, mikokoteni, matatu inayosimama kwa ghafla na mtu anayevuka? Kama kila gari inakaa kwa leni yake na hakuna mtu wa miguu hata mmoja, hiyo si Nakuru.

Ni gani ya bei nafuu?

Kwa ujenzi, taa na raundabauti, halafu almasi, halafu zingine. Lakini watu hulinganisha bei ya zege peke yake na kuacha vitu vinavyouma: fidia ya ardhi, kuhamisha mabomba ya maji na nguzo za stima, barabara za muda wakati wa ujenzi, na matengenezo ya miaka yote inayofuata. Pesa ya matengenezo inatoka kwa ushuru wa mafuta, tangu Julai 2024 ni shilingi 25 kwa kila lita, yaani ni wewe. Intachenji ya taa nyingi na maungio mengi ya daraja inataka kuhudumiwa kila mwaka.

## Watu, steji na ploti

Daraja la miguu si linatosha kwa wanaotembea?

Hili ndilo linaniuma kuliko yote. Takwimu za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, mwaka baada ya mwaka zinaonyesha wanaotembea ndio kundi linalokufa zaidi barabarani Kenya, na bado wao ndio huwekwa mwisho kwa mchoro.

Asubuhi moja nikiwa nahesabu niliona mama amebeba beseni la omena kichwani, mkono mmoja ameshika mtoto wa nasari. Akafika kwa chuma cha katikati ya haiwei, akamwinua mtoto akamweka upande wa pili, halafu akapitisha mguu mmoja pole pole shingo ikiwa imenyooka beseni lisimwagike, trela likapita nyuma yake na kile kitambaa cha kufunika omena kikapepea. Daraja la miguu lilikuwa linaonekana pale mbele. Alipofika upande wangu nikamsalimia nikamuuliza mbona asipite juu. Akaniambia, "Mwanangu, nikizunguka kule huyu atachelewa shule na mimi nitakuta wateja wameshanunua kwa wenzangu." Hakuwa mjinga wala mkaidi. Aliyeweka daraja aliliweka mahali palipokuwa rahisi kujenga, si mahali watu wanavukia.

Piga hesabu mwenyewe. Daraja la miguu la mita 6 kwenda juu, likiwa na mteremko ambao mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kupanda, yaani mita 1 kwa kila mita 12, ni mita 72 kupanda na 72 kushuka, bila kuhesabu pa kupumzikia, kuvuka barabara ya mita 30. Bora haiwei ndiyo ipande ama ishuke, watu wapite chini yake kwa usawa, peupe, na taa za usiku. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kuuliza juu ama chini kabla ya kuuliza umbo.

Steji na boda wataenda wapi?

Wataenda pale abiria walipo, mpangiwe msipangiwe. Abiria yuko pale barabara zinapokutana kwa sababu anabadilisha gari, hiyo ndiyo maana ya makutano, na ndo maana Kenya ina miji mingi inaitwa Makutano. Kama mchoro hauna steji, mkono wa kushuka utakuwa steji, leni moja imekufa siku ya kwanza. Omba nafasi ya kuingia kabisa nje ya leni, kila upande, na njia ya miguu ya kuunganisha hizo steji, na kivuli cha boda.

Na isiwe karibu na mteremko. Juni 30, 2023, pale njia panda ya Londiani, lori liliacha barabara likaingia kwa watu wa steji na wafanyabiashara, watu 52 wakafa. Walikuwa kazini, mahali ambapo kila mtu hununua na kupandia gari. Tunapochagua muundo tuwachoree hao watu mahali pao mbali na njia ya lori lililoshindwa breki.

Tunaouza pale makutano tutafukuzwa?

Wakati wa ujenzi mtaondoka, hilo siwezi kukuficha. Baadaye watu hurudi. Ukienda Kondele, Kisumu, utaona magari yanapita juu na chini kuna biashara na boda. Kwa hivyo ni heri kusema mapema: chini ya daraja kuwe na nafasi ya soko iliyochorwa, na maji, choo na taa, kuliko kungoja vurugu na kanjo (askari wa kaunti) kila wiki. Andikisheni majina na mlichonacho kabla ya ujenzi, piga picha kibanda chako kikiwa na bidhaa.

Wamenichorea X nyekundu kwa ukuta, nifanye nini?

Kwanza jua kama uko ndani ya ardhi iliyohifadhiwa ya barabara ama ni ploti yako halali inayotwaliwa. Tafuta ramani ya eneo, fanya utafutaji rasmi wa hati. Ikiwa ni ardhi yako, kutwaliwa kunapitia Tume ya Taifa ya Ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, na Katiba kifungu cha 40 inataka fidia ya haki, ilipwe mapema. Kama huna hati lakini uliishi pale kwa nia njema, kifungu cha 40(4) kinaruhusu fidia pia, kinaruhusu tu, hakilazimishi, kwa hivyo ushahidi wako ndio utakaokusemea. Usisaini makadirio bila kusoma, mtafute wakili, na mkiwa majirani kadhaa mnaweza kumlipa mmoja.

Kwa kikao cha maoni niulize nini?

Niliwahi kukaa kwa kikao kimoja, picha kubwa ya daraja imetundikwa ukutani, chai na mandazi, tukaongea masaa mawili na neno kivuko halikutajwa hata mara moja mpaka mzee mmoja wa nyuma akasimama akauliza mjukuu wake atapita wapi. Walimwambia hilo litaangaliwa baadaye. Basi uliza hivi: nionyesheni hesabu ya wageuzaji na ya wanaotembea, nionyesheni miundo mingine mliyokataa na sababu, foleni itahamia wapi, maji ya mvua yataenda wapi. Wakikosa kukujibu, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakupa haki kama raia kuandika barua kuomba hizo karatasi, na ofisi ya umma ina siku 21 kujibu. Barua ya ukurasa mmoja inatosha. Ripoti ya mazingira inayopelekwa NEMA, mamlaka ya mazingira, nayo unaruhusiwa kuisoma na kuitolea maoni.

## Mambo ya pembeni

Matrela yanaweza kweli kuzunguka hivyo vitanzi?

Trela la ekseli saba linaruhusiwa kufika tani 56. Likiingia kitanzi kidogo na mwendo wa haiwei mzigo unaegemea nje na linalala. Hii A8 ndiyo njia ya mizigo ya Uganda, Rwanda na Sudan Kusini, na sote tunajua Salgaa na Sachangwan breki zinavyowaka. Kwa hivyo mgeuzo wenye matrela mengi usiwe kitanzi, na kama lazima, kiwe kipana, kianze kwa kupanda badala ya kushuka, ili mlima wenyewe upunguze mwendo.

Barabara ipite juu ama chini?

Kwa watu wa miguu nimeshasema. Kwa maji, angalia udongo. Kisumu kuelekea Nyamasaria na uwanda wa Kano ni udongo mweusi unaovimba na kupasuka, na mafuriko ni ya kila msimu, kupitisha barabara shimoni pale ni kujenga bwawa. Huku Nakuru ni majivu ya volkano, yanakunywa maji halafu yanabebwa nayo chini kwa chini. Machi 2018 mvua ilifungua ule ufa mkubwa ukakata barabara ya Maai Mahiu kwenda Narok karibu na Suswa. Mkitaka njia ya chini, uliza pampu, uliza mfereji unamwaga wapi, na uliza nani analipa stima ya pampu.

Na reli?

Nakuru ndipo reli ya zamani inagawanyika, moja Kisumu, nyingine Malaba. Daraja likivuka reli lazima liwe juu zaidi, kwa hivyo mikono inakuwa mirefu na inakula ploti zaidi. Hilo lijulikane siku ya kwanza.

Barabara ikiwa ya kulipia, hesabu zinabadilika?

Sana. Upanuzi wa A8 kutoka Rironi hadi Mau Summit, ule uliozinduliwa Novemba 2025 baada ya mkataba wa kwanza na kampuni za Ufaransa kuvunjwa, umepangwa uwe wa kulipia. Dereva akiona kuna kulipa, wengine watatoka mapema na kupitia barabara za ndani, kwa hivyo mkono mmoja utapata magari ambayo hayakuwepo wakati wa kuhesabu na mwingine utabaki mtupu. Uliza kama wamehesabu wale watakaokwepa, na watapitia mbele ya shule gani.

Wameshaanza kujenga na tumeona makosa, tumechelewa?

Kwa daraja na mahali pa mikono, ndiyo. Kwa vingine bado: vivuko, taa za usiku, steji, mifereji, muda wa taa za trafiki, matuta kwenye mikono ya kushuka, njia ya miguu ya kuunganisha pande mbili. Nendeni saiti mkiwa wachache na heshima, mwombeni injinia awaonyeshe mchoro wa mifereji na wa njia za miguu, mtembee naye mguu kwa mguu kutoka steji mpaka shule. Nendeni kabla kerbu hazijamwagwa. Kushusha kerbu ili kiti cha magurudumu kipite, wakati zege bado ni bichi, ni kazi ya asubuhi moja, likikauka ni kuvunja na kungoja bajeti ya mwaka mwingine.